Spika za hali ya juu kwa sebule ya vigae na kioo, Riat: ndefu au ndogo za stendi?

Mkazi wa Riat, Kisumu

Nawasalimu nyote. Nyumba yetu ya Riat imekamilika na sasa nataka kuiwekea sebule spika ambazo sitazibadilisha kwa miaka mingi. Chumba kina urefu wa mita 6, upana wa mita 4.2 na dari ya jipsamu iliyo mita 2.7 kutoka sakafuni. Sakafu ni vigae vitupu, kuta ni za mawe yaliyopigwa plasta, na ukuta mmoja mrefu karibu wote ni kioo kinachotazama ziwa. Tunasikiliza benga na rumba zaidi, pamoja na kwaya siku za Jumapili. Nimetenga shilingi 400,000 za spika na amplifaya kwa pamoja, na sichukii mitumba ya Uingereza ikiwa imetunzwa. Ninafikiria KEF LS50 Meta, Wharfedale Linton au Klipsch Heresy, ingawa muuzaji mmoja ananihimiza nichukue spika ndefu za kusimama sakafuni zenye wufa (vipaza vya besi) mbili kila upande. Mngenishauri vipi?

Msikilizaji wa Section 58, Nakuru

Ndugu, kabla hujamsikiliza muuzaji, tazama vipimo vya chumba chako. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, na katikati ya kuta mbili zinazotazamana hujijenga wimbi ambalo nusu ya urefu wake ni sawa na nafasi iliyopo. Kwa mita 4.2 hilo linaangukia karibu hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, na hezi 41 ndiyo noti ya waya mnene wa gitaa la besi ukipigwa bila kushikwa. Maana yake ni kwamba katika benga, ambayo besi yake haitulii hata kidogo, noti hiyo moja itavimba na kubaki ikivuma huku nyingine zikipita kawaida. Spika ndefu zenye wufa nne kwa jumla zitalikoleza tatizo hilo.

Kuna jambo jingine ambalo wasomaji wa majarida ya ng'ambo hulisahau. Majaribio mengi ya spika huko Marekani hufanywa katika nyumba za mbao zenye kuta za jipsamu, ambazo hutikisika kidogo na kumeza sehemu ya besi. Ukuta wako wa mawe haumezi kitu cha maana; besi inarudishwa chumbani karibu yote. Dari yako itasaidia kiasi, na kioo kitapitisha besi kidogo nje, lakini kioo hicho hicho pamoja na vigae vitairudisha sauti ya juu kwa ukali, hadi kwaya ianze kuumiza masikio.

Kwa hiyo mimi ningechukua LS50 Meta, ambazo haziendi chini sana, nikaziweka kwenye stendi nzito upande wa ukuta mfupi, takriban sentimita 80 kutoka ukuta wa nyuma na mita 2.2 kati yake, kisha nikanunua zulia nene la kutandika mbele ya sofa na pazia zito la kufunika kioo wakati wa kusikiliza. Zulia hilo litakupa mabadiliko makubwa kuliko kupanda daraja moja la spika.

Mpenzi wa rumba, Kakamega

Hesabu ya mwenzangu ni sahihi, lakini hitimisho lake linanitia wasiwasi. LS50 Meta hutoa sauti ya desibeli 85 kwa volti 2.83 katika umbali wa mita 1, ilhali Klipsch huitaja Heresy IV kuwa na desibeli 99. Kila desibeli 3 zinadai nguvu maradufu, hivyo pengo la 14 ni takriban mara 25: kile ambacho Heresy hufanya kwa wati 4, KEF itadai wati 100. Heresy imekuwepo tangu 1957 na haijawahi kuwa spika ya besi nzito, jambo ambalo kwa kuta za mawe ni neema. Inakaa sakafuni ikiwa imeinamishwa kidogo, na tarumbeta za rumba zinasimama mbele yako bila kuchoka. Wageni wakija na sauti ikapandishwa, spika ndogo hubana pumzi, hii haibani.

Ila ukali wa sauti ya juu kwenye vigae ni kweli, na pembe za Klipsch, zile honi zinazotoa sauti hiyo, hazisamehe. Bila zulia usizinunue.

Jirani wa Milimani, Kisumu

Mmeongea vizuri, lakini hamjaitaja hewa ya ziwa. Ukichukua mitumba, bonyeza kwa kidole ukingo unaoshikilia wufa. Ukingo wa sponji huoza na kumeguka kadiri miaka inavyopita, na joto pamoja na unyevu wa hapa huharakisha, ilhali ule wa mpira hudumu zaidi. Pili, radi za alasiri. Spika zisizo na amplifaya ndani haziunganishwi na umeme wa nyumba, kwa hiyo linalobaki hatarini zaidi ni amplifaya. Chomoa plagi pamoja na waya wa antena mawingu yakianza kujikusanya, kwa sababu swichi ya ukutani pekee haizuii radi.

Mkazi wa Riat, Kisumu

Nashukuru sana. Zulia limekubaliwa nyumbani bila mjadala. Sofa ndiyo imeleta mjadala, kwa kuwa mahali pake palipopangwa ni ukutani kabisa, upande unaotazamana na spika.

Msikilizaji wa Section 58, Nakuru

Hapo ukutani ndipo besi inapojikusanya zaidi. Omba sofa isogezwe mbele hata sentimita 60, na rafu ya vitabu iingie nyuma yake. Ikishindikana, ziba matundu ya hewa yaliyo nyuma ya spika kwa sponji. Besi itapungua na kutulia. Ndugu wa Kakamega amenigusa kuhusu nguvu, kwa hiyo ukichagua KEF, tafuta amplifaya inayohimili mzigo wa omu 4 (ukinzani mdogo wa umeme) bila kupata joto, wala usinunue ya wati 30. Tena usilipe kabla ya kuzisikia kwako: weka amana, zilale Riat wikendi moja, upige benga unayoijua, na usikilize kama besi inatembea noti kwa noti au inavuma palepale.