Gemu za watoto: mnajuaje hii inamfaa na hii hapana? Tupeane uzoefu

Mama Zahara, Bombo: Jana nimemfuata mwanangu wa P.4 (darasa la nne) kibanda cha PS, yaani PlayStation. Namkuta kashika pedi, kwenye skrini mtu anaburutwa nje ya gari, anakanyagwa kichwa. Mwenye kibanda eti "ni gemu ya magari tu, mama." Wenzangu mnachagua vipi?

Trela_Malaba: GTA hiyo, Grand Theft Auto. Ulaya ni miaka 18 kwenda juu, Marekani 17. Imeandikwa kwenye kasha.

Mama Zahara, Bombo: Kasha lipi? Diski ya kuchomwa, jina limeandikwa kwa maka peni!

Fundi PS Jinja: Ndiyo shida ya za kuchomwa. Kasha halisi la Ulaya lina namba ya PEGI, mfumo wao wa kupanga umri wa gemu: 3, 7, 12, 16 au 18. La Marekani lina herufi: E kila mtu, T kuanzia 13, M kuanzia 17. Nyuma ya lile la Ulaya tazama vipicha: ngumi ni mapigano, buibui ni vitisho, mkono wenye kadi maana yake kuna vitu vya kununua humo ndani. Huna kasha? Tafuta jina la gemu kwenye tovuti ya PEGI.

Baba Pacha: Mimi nikiona 3, naachia. Yamekwisha.

Mama Arua: Baba Pacha, hiyo 3 ndiyo iliyotutoa jasho nyumbani. Gemu ya mpira ya simu, hakuna damu, hakuna matusi, nani angekataa? Kumbe mle ndani wanauza pakiti za wachezaji, hujui utapata nani mpaka ulipe. Shemeji yangu akampa kijana PIN ya mobile money "anunue bando". Kijana akawa anamtumia pesa jamaa wa kuchaji simu pale stendi, naye anamwekea pointi. Kila ujumbe wa muamala ukiingia, anafuta. Siku ya kulipa ada ya muhula wa pili nimesimama kwa wakala, foleni nyuma yangu, wakala anageuza kioo nione: salio shilingi 3,200. Nikamwambia mtandao wenu mbovu, jaribu tena. Akajaribu. 3,200.

Trela_Malaba: Yesu!

Baba Pacha: Kiboko. Wa kwangu hawezi.

Mwalimu Mbale: Kiboko apigwe shemeji. Mtoto na PIN wapi na wapi?

Baba Pacha: Walimu wa siku hizi ndio mmewaharibu.

Mwalimu Mbale: Sawa mzee, pacha wako wanacheza nini sasa hivi?

Baba Pacha: Wako kwa jirani.

Mwalimu Mbale: 😂

Fundi PS Jinja: Mama Arua, kwenye Play Store weka nywila kwa kila ununuzi. Kwa yule jamaa wa stendi haisaidii, badilisha PIN.

Kojja wa Luweero: Mfundisheni mweso, bao letu. Shimo 32, kete 64, bando halihitajiki.

Mama Arua: Kojja, ada ililipwa kwa mbuzi, usinichekeshe. Siku hizi nacheza mwenyewe nusu saa kabla ya kumpa. Namba naisoma, lakini siishii hapo.

Mama Zahara, Bombo: Na Roblox? Wa dada yangu hatoki humo.

Fundi PS Jinja: Ile si gemu moja, ni mamilioni, watu tofauti wanazitengeneza. Zima maongezi na wageni kwanza, kisha muulize ni ipi anayocheza.