Gesi au umeme: vyombo vya usafiri vya Dar viende wapi?

Wakuu, magari yanayofungwa mfumo wa gesi hapa Dar yanazidi kuongezeka, na wanaoyatetea wanasema mambo mawili: gesi ni nafuu, tena haiharibu hali ya hewa. La kwanza sibishi. La pili nalipinga, na nalipinga kwa hesabu.

Gesi ya magari karibu yote ni methani. Kilo moja ikiungua hutoa takribani kilo 2.75 za hewa ukaa. Petroli ya kutoa nishati hiyohiyo ingetoa karibu kilo 3.45. Faida ni kama gramu 700, yaani moja ya tano. Lakini methani ikivuja kabla ya kuungua, ndani ya miaka 20 hupasha dunia joto mara 80 hivi kuliko hewa ukaa ya uzito uleule. Zivuje gramu 10 tu katika kila kilo, iwe kisimani, kwenye bomba, kwenye kompresa ya kituo au kwenye mtungi ndani ya buti, na hapo ni sawa na kurudisha gramu 800 angani. Faida yote imeliwa. Ukihesabu kwa miaka 100 gesi inapata nafuu, lakini watu wa Jangwani hawana miaka 100 ya kusubiri mafuriko yapungue.

Na sasa umeme tunao: Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115. Kigali, tangu Januari 2025, pikipiki mpya ya abiria haisajiliwi kama si ya umeme. Dakar ilizindua mwendokasi wake mwaka 2024 kwa mabasi ya umeme matupu. Ethiopia imezuia kuingiza magari ya petroli na dizeli. Sisi tunamwaga fedha kwenye vituo vya gesi, na kituo kikishajengwa hakuna atakayekubali kifungwe kabla hakijarudisha gharama.

Wale wanaotaka magari yatumie mafuta ya mbegu za mibono nao wakumbuke Kisarawe: zaidi ya hekta 8,000 zilitolewa kwa kampuni ya Uingereza, mradi ukafa mwaka 2011, wanavijiji wakabaki wanadai ardhi yao.

Karibuni tujadili.

Dereva wa bajaji, Mbagala:
Heshima yako mkuu. Hesabu zako nimezisoma zote, ila yangu hujaiweka. Tangu nihamie kwenye gesi, nikishatoa hesabu ya bosi, yaani fedha ninayompa mwenye bajaji kila siku, kuna kitu kinabaki cha kupeleka nyumbani. Hiyo ya umeme nani atanikopesha? Betri ikichoka nani ananunua nyingine? Umeme ukikatika saa mbili asubuhi, abiria nimwambie nini? Halafu gesi ya Songo Songo ni yetu, petroli yote inakuja kwa meli. Na mvua zikigoma, umeme wenyewe si tunauzalisha kwa gesi hiyohiyo?

Mtoa mada:
Ndugu yangu, nianze na hilo la mwisho, maana ndilo linalorudiwa sana. Ndiyo, bado tunazalisha umeme kwa gesi. Lakini mtambo wa umeme wa gesi wa Kinyerezi II hapa Dar unatumia hata joto la moshi wake kuzalisha umeme zaidi, na unageuza karibu nusu ya nishati ya gesi kuwa umeme. Injini ya bajaji au gari mjini inapeleka kwenye magurudumu kama robo tu, mara nyingi chini ya hapo. Nyingine inaishia kuwa joto. Hata ukitoa umeme unaopotea njiani na kwenye betri, gesi iliyopitia Kinyerezi inakufikisha mbali zaidi. Kwa hiyo gesi ya Songo Songo inabaki yetu, tunaichoma kidogo zaidi.

Abiria wa saa mbili hatasubiri chaji. Kigali dereva hangoji. Anaacha betri iliyoisha kituoni, anachukua iliyojaa, anaondoka. Betri ni mali ya kampuni, ikichoka ni juu yao. Sikuambii ung'oe mtungi wako kesho. Ninachodai ni kwamba kila nafuu ya kodi na kila mkopo mpya wa halmashauri kwa vijana wa bajaji na bodaboda uende kwenye umeme kuanzia sasa, na masharti yake yapimwe kwa hesabu unayompelekea bosi kila jioni. Mkopo usipolipika kwa hesabu hiyo, nitakuwa upande wako.