Mrejesho: maoni ya kuingiza jengo kwenye orodha ya kihistoria

Wakuu, niliuliza jinsi ya kuandika maoni ili jengo la ghorofa mbili liorodheshwe na jiji kuwa la kihistoria. Asanteni sana. Nilifuata ushauri wa kuacha "ni zuri mno" na kujibu vigezo kimoja kimoja: lilijengwa lini, lilitumikaje, kipi bado ni cha asili. Picha ya zamani na ya sasa kutoka kona ileile ndizo zilizobeba hoja; nguzo za roshani na nakshi za mlango ni zilezile. Barua za kunakiliana zilihesabiwa kama moja, kazi bure. Uso wa mbele umelindwa, ndani hapana: kuta zilishahamishwa na ramani ya awali hatukuwa nayo. Ramani kama hiyo itafuteni mapema kwenye masjala (ofisi ya kumbukumbu), kabla muda wa maoni haujaisha.