Amana ya ardhi ya jamii: mkurugenzi atoke kwa wakazi au aajiriwe mtaalamu?

Mpangaji Mkongwe: Wakuu, utaratibu mnaujua. Ardhi inabaki ya amana, mwenye nyumba anamiliki jengo tu, ardhi amekodishwa kwa miaka 99, na akiuza bei ina kikomo ili anayemfuata naye aimudu. Bodi ni mafungu matatu: wakazi, majirani, wawakilishi wa umma. Sasa mkurugenzi je? Mimi nasema atoke kwa wakazi. Nimechoka kuongozwa na watu ambao hawajawahi kukosa kodi hata mwezi mmoja.

Fundi Hesabu: Mkuu, kukosa kodi si cheti. Mkurugenzi anakopa benki, anabishana na halmashauri, anatunza akiba ya mapaa yatakayovuja miaka ishirini ijayo. Amana ya Burlington, Vermont, jiji liliipa dola 200,000 za kuanzia mwaka 1984, na leo ni miongoni mwa kubwa kabisa Marekani. Haikufika hapo kwa huruma. Mama wa jikoni hatakuokoa siku benki ikigonga mlango.

Binti Udongo: Mama wa jikoni? Mama yangu alikuwa mpishi, na alikaa kwenye bodi ya amana yetu miaka tisa. Ndiye aliyegundua kwamba akiba ya matengenezo inalipia mishahara. Mkurugenzi mwenye shahada mbili alikuwa kimya. Futa hiyo kauli.

Fundi Hesabu: Mama yako simjui, nilitoa mfano tu. Na mfano mwingine huu hapa: New Communities kule Georgia, ya kwanza kabisa, ekari kama 5,700, viongozi wenye moyo kutoka harakati za haki za weusi. Mwaka 1985 wakanyang'anywa shamba lote. Moyo haulipi deni.

Kitukuu wa Mkulima: Hapo umepotosha, na imeniuma. Wale walipigwa na ukame. Walipoomba mkopo wa dharura wa serikali, wakazungushwa kwa sababu ya rangi yao. Mwaka 2009 walishinda fidia ya dola milioni 12. Hesabu zao hazikuwa tatizo. Usiwazike akina Charles Sherrod, waanzilishi wake, kwa kosa la waliowanyima.

Fundi Hesabu: Fidia naikubali. Ardhi ilirudi?

Kitukuu wa Mkulima: Ile ya mwanzo, hapana. Walinunua shamba jingine karibu na Albany, hukohuko Georgia, ekari zipatazo 1,600, lililokuwa la bwana mwenye watumwa. Na waliolinunua ni watu walewale uliosema moyo wao haulipi deni.

Jirani Mwema: Jamani, turudi. Dudley Street, Boston, wakazi walipewa na jiji mamlaka ya kutwaa viwanja vilivyotelekezwa, mwaka 1988. Mkurugenzi wao anaajiriwa, lakini bodi inayomwajiri inachaguliwa na majirani. Kwangu swali ni nani anaweza kumfukuza.

Paa Langu: Mimi naishi kwenye nyumba ya amana na mnanichosha. Awe mpishi, awe profesa, nikiuza napata robo tu ya ongezeko la thamani. Miaka kumi na miwili nalipa mkopo. Nani alinipangia robo?

Binti Udongo: Ulisaini, ndugu yangu. Na bila hicho kikomo usingeipata hiyo nyumba kwa bei uliyonunulia. Aliyekutangulia naye alichukua robo.

Fundi Hesabu: Hapa niko na Binti.

Binti Udongo: Usiwe nami. Kauli hujafuta.

Paa Langu: Aliyenitangulia hakuwa na watoto watatu wa kusomesha. Nilisaini kwa sababu sikuwa na pa kwenda, na siku ile hakuna mkurugenzi aliyekaa nami akanichorea hiyo robo maana yake nini.

Mpangaji Mkongwe: Angekuwa mkazi mwenzako, angekaa.

Fundi Hesabu: Hilo ndilo hasa la mtaalamu, kumweleza mtu mkataba kabla hajasaini. Binti, neno la jikoni nalifuta. La hesabu silifuti.