Sehemu ya pili huharibiwa na bajeti? Mimi nakataa

Wadau wa filamu wa Mbeya na Nyanda za Juu Kusini, habari zenu. Kila tukilalamikia sehemu ya pili ya filamu ya Bongo, tunajibiwa hela hakuna. Nakataa, na sababu yangu ni filamu niliyoitazama juzi usiku hapa Uyole.

Ni Ouija: Origin of Evil ya mwaka 2016, mwongozaji Mike Flanagan. Ile ya kwanza, ya 2014, inahusu ubao wa kuulizia mizimu na ilikuwa ya hovyo: vijana wanakufa, wewe huumii hata kidogo. Nikaweka ya pili nikijua nitasinzia. Sikusinzia. Flanagan anarudi nyuma hadi 1967, Los Angeles, kwa mama mjane na mabinti zake wawili. Mama anaishi kwa ramli za uongo. Waliofiwa wanakuja kuongea na marehemu wao, mabinti wanamsaidia kwa siri kufanya vituko vya mezani. Waganga wa namna hiyo tunao, matangazo yao yamejaa kwenye nguzo za umeme. Lakini huyu mama unashindwa kumchukia. Nyumba inakaribia kuchukuliwa kwa deni, na moyoni anaamini anawapa watu faraja. Pepo linapomwingia yule binti mdogo, wewe umeshakuwa ndugu wa familia ile. Ndiyo maana inatisha.

Mwisho wake umeharakishwa, hilo nakiri.

Kwetu sehemu ya pili mara nyingi ni filamu ileile imekatwa katikati ili mnunuzi alipe mara mbili. Hapo kosa la bajeti liko wapi? Na filamu za kutisha tunaweza: mwongozaji wetu Mussa Banzi alishatoa Nsyuka, yaani mzimu kwa Kinyakyusa, na neno hilo bibi zetu wa Rungwe hawahitaji kutafsiriwa.

Mchangiaji, Iringa: Kaka, mbona bajeti hujaitaja? Hiyo yako inatajwa kuwa kati ya dola milioni 9 na 12. Kwa Marekani ni ndogo, kwetu ni zaidi ya shilingi bilioni 20. Mimi nimeshika maiki kwenye filamu iliyopigwa Ipogolo kwa siku nne, kwa sababu kamera ilikuwa ya kukodi na mwenyewe alikuwa anaitaka Jumamosi kwa ajili ya harusi. Mwandishi wa hadithi alilipwa chakula cha mchana. Usitulaumu wakati hujalala njaa na sisi.

Mtoa mada: Pole, ndugu yangu, na hilo la kamera nalipokea, sikulipima. Ila hapo kwa mwandishi ndipo ninapoumia. Kilichonikamata mimi kwenye filamu ile ni mama, watoto wawili na deni la nyumba, na hayo yaliandikwa kabla kamera haijawashwa. Kama hela ni ya siku nne tu, basi mwandishi apewe miezi minne na alipwe kwanza, kabla ya msanii mwenye jina. Nileteeni mjane wa Tukuyu anayedanganya wafiwa ili alipe ada ya mtoto, nyumba moja ya matofali ya kuchoma, ukungu wa Juni nje. Tiketi nitanunua, na ya pili yake nitaisubiri.