Yule wa ofisi ya vibali leo kanivua nguo mchana kweupe

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, msinisahihishe herufi.

Yule jamaa wa ofisi ya vibali pale mjini, ghorofa ya kwanza juu ya duka la vitenge, miwani anavaa utosini. Wa Arusha mnamjua, sina haja ya kumtaja. Leo kaniita MWEKEZAJI.

Nimempelekea pasipoti, cheti cha kidato cha nne na cheti cha VETA cha uchomeleaji, vyote vimo kwenye plastiki, visafi. Nataka kwenda Nairobi kuchomelea mageti. Hela ya ushauri kaipokea kabla sijakaa. "Digrii?" Sina. "Diploma?" Sina. Akazungusha kiti, akapaza sauti chumba cha pili: "Njooni mumuone mwekezaji!"

Wakaja. Wakuu, WALIKUJA. Ofisi ina viti vitatu, wakatoka watu kama wa mkutano wa kampeni. Mpaka mama wa chai kaja na birika mkononi. Mwekezaji! Na suruali yangu yote ina matundu ya cheche!

Nikamwambia mwaka 2021 Rais Samia alipokwenda Nairobi, Rais wa Kenya wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alitangaza hadharani Watanzania wafanye biashara Kenya bila kibali cha kazi. Akanijibu: "Alikuwa anaongea na wenye mitaji. Wewe una mtaji au una mashine?" Wakacheka upya. Mama wa chai ndiye aliyemaliza wa mwisho, na chai yenyewe hakunipa.

Geti likisimama limesimama, digrii inaingia wapi? Njooni mumuone mwekezaji! Mbele ya birika!

Kisu Butu: Hii chai. Birika umeongezea wewe.

Mzee wa Zege: Shikamoo mwekezaji. Tukuletee ramani ya kiwanda?

Shangazi wa Ngarenaro: Pole mwanangu. Ila na wewe, Soko la Pamoja la Afrika Mashariki limeanza Julai 2010, na kila nchi iliambatisha orodha yake ya kazi zilizo wazi kwa jirani. Mpakani unagongewa muda wa kutembea, siyo wa kuchomelea. Huyo kijana namjua sana. Mimi alinirudisha kupiga picha upya eti sikio la kushoto halionekani. Nikarudi, eti sasa linaonekana mno!

Mleta uzi: Shangazi, hapa tunaongelea mimi kuitwa mwekezaji.

Shangazi wa Ngarenaro: Sikio linaonekanaje mno?

Jirani wa Eastlands: Buda, wewe kuja tu. Hapa Nairobi, Kamukunji, watu wanagonga masanduku kutoka asubuhi na hakuna mtu anaulizana cheti. Shida ni nyinyi. Binamu yangu alikuwa na saluni huko kwenu. Julai 2025 mkatoa orodha ya biashara 15, mgeni asiguse. Saluni, asiguse. Kutengeneza simu, asiguse. Kutembeza watalii, asiguse. Leo mnataka mageti yetu?

Mzee wa Zege: Na kutuma pesa kwa simu, usisahau. Safi sana. Vijana wetu watakula wapi?

Jirani wa Eastlands: Kwani huyu wa mageti si kijana wenu? Mbona anakimbia?

Kisu Butu: Machi 2021 mlizuia mahindi yetu eti yana sumukuvu. Malori yakabaki mpakani. Leo unatuletea habari za saluni.

Jirani wa Eastlands: Na vifaranga 6,400 mlivyochoma moto 2017? Vifaranga, buda! Hivyo navyo vilikosa digrii?

Mzee wa Zege: Vilikosa kibali. Tulikuwa tunazuia mafua ya ndege.

Mleta uzi: Wakuu jamani. "Njooni mumuone mwekezaji." Hakuna anayeliona hili?

Shangazi wa Ngarenaro: Subiri kwanza baba. Si vilikuwa vya siku moja vile? Siku moja mafua vimeyapatia wapi?

Kisu Butu: Mwaka huohuo ng'ombe wao zaidi ya 1,300 walipigwa mnada. Wangefungia mifugo yao.

Jirani wa Eastlands: Ng'ombe za Mmasai zinajua mpaka? Si zinafuata nyasi? Mnaziuliza pasipoti?

Shangazi wa Ngarenaro: Samahani kwa kutoka nje ya mada. Nani anajua wanapouza vifaranga chotara hapa Arusha? Nataka kama hamsini, na banda pia sina.

Mleta uzi: Banda nachomelea mimi. Njoo PM.