Mafundi nozo wa magari, kama hujui mashine ya boti USIIGUSE!

Wakuu, leo simung'unyi maneno.

Nina boti ya tanga ya zamani hapa Dar. Ndani ina mashine ya dizeli, Yanmar 2GM20, silinda mbili, nguvu ya farasi 18. Safari ni ya tanga. Mashine ni ya kuingilia na kutokea, na ya kukunusuru upepo ukikata uko jirani na mwamba. Ikigoma hapo, hakuna bodaboda ya kukufuata.

Ikaanza kusumbua asubuhi. Inawaka, inakohoa, inazima. Dizeli ikifanya hivyo unaanza kutafuta hewa inapoingilia kwenye mafuta: mpira unaotoka tangini, filta, washa za shaba kwenye njia ya mafuta, diaframu ya ile pampu ndogo ya kuvuta mafuta, yenye kishikio cha mkono. Nikamwambia fundi hivyohivyo. Jibu lake: "Mzee, hiyo injekta pampu imekufa." Yaani pampu inayosukuma mafuta kwa presha hadi kwenye nozo, vile vipulizio vya mafuta ndani ya silinda. Hata skrubu ya kutolea hewa juu ya filta hajailegeza aone kama kuna mapovu! Nimekwenda zangu kazini, narudi jioni pampu haipo, imeshapelekwa karakana ya nozo.

Ikarudi imeoshwa kwa petroli, inang'aa kama sufuria ya harusi. Mashine inagonga.

Sasa sikieni. Chini ya flanji ya pampu kuna vibati vyembamba, shimu. Hivyo ndivyo vinavyopanga muda wa kupiga mafuta. Ukivitoa, pampu inasogelea kemu, ile nundu inayozunguka na kuisukuma, mafuta yanapigwa mapema, lazima igonge. Changu nimekikuta wapi? Kimekunjwa, kimeshindiliwa kwenye kichwa cha betri kukaza waya uliokuwa unacheza. Nilibaki mdomo wazi.

Hayo hayajaisha. Nikilegeza nati ya bomba la presha la silinda ya pili mashine ikiwa inaunguruma, mlio haubadiliki hata kidogo. Maana yake silinda hiyo haifanyi kazi. Planja, vile vijiti vinavyosukuma mafuta ndani ya pampu, ziko mbili, kila moja imesagwa kiwandani pamoja na ala yake, hazibadilishani. Wao wamezimwaga zote kwenye beseni moja! Na nozo, ambazo zinatakiwa zifunguke kwenye kilo 170 kwa sentimita ya mraba, zimesuguliwa ncha kwa brashi ya waya. Nikauliza geji ya presha ilisoma ngapi. "Tumeangalia kwa macho, inapuliza vizuri." Kwa macho!

Halafu kilichonimaliza ni ushauri wa bure: niwe nachanganya mafuta ya taa kidogo "yasafishe nozo". Pampu hii inalainishwa na dizeli yenyewe, mafuta ya taa ni mepesi, yanaila. EWURA, wasimamizi wa nishati, walianzisha mwaka 2010 kuweka vinasaba (kemikali ya alama) kwenye mafuta ili kuwakamata wanaochakachua, mimi nichakachue la kwangu kwa hela yangu?

Laki tatu na nusu nimeshalipa. Nikidai, naambiwa nilete mashine gereji waiangalie. Mashine imefungwa ndani ya boti, boti iko majini, niilete kwa Bajaji?

Natafuta fundi mwenye testa ya nozo yenye geji inayosoma, awe Dar, Tanga au Unguja, anayekubali nisimame pembeni akifungua. Mwenye shimu za 2GM aje PM, bei tutaongea. Wa mafuta ya taa piteni kimyakimya.